Sura ya 6: Nguzo ya Dago

"Nguzo ya mita kumi nitaipata wapi kwa bei ninayoimudu?"

Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila anayeingia katika redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa ni kama soka la ridhaa: hufanywa kwa mapenzi, bila malipo. Mtu mwenye leseni huwa na kituo chake kidogo, akazungumza na wenziwe wa kisiwa cha pili, wa nchi jirani au wa bara jingine, bila simu, bila intaneti, bila kampuni yoyote katikati. Redio yenyewe huingia kwenye mkoba. Betri pia. Kinachowashinda wengi ni kitu cha kuinua antena, yaani ule waya unaorusha na kupokea mawimbi.

Jibu tutalitafuta Tumbe, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Pemba, wilaya ya Micheweni. Watu wameishi hapo na kuitegemea bahari kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta masalia ya makazi ya tangu karne ya 7. Siku hizi Tumbe inajulikana kwa mnada wake wa samaki. Wavuvi wa Pemba wana neno ambalo kila mwenye redio angelifaa kulijua: dago. Kwenda dago ni kuhama kwa muda, kupiga kambi kwenye kisiwa au ufuo wa mbali, kuvua mpaka msimu ugeuke, kisha kurudi. Mwenda dago hachukui kila alichonacho. Huchukua kile anachoweza kukibeba, kukisimamisha na kukikunja kabla upepo haujabadilika.

Antena ya muda ni dago la redio. Ukiichagua nguzo yake kwa akili ya mwenda dago, utaona kwamba mita kumi huenda usizihitaji kabisa.

## Nguzo hii inabeba nini hasa?

Wengi huanza na nguzo. Tuanze na mzigo.

Waya mwembamba wa umeme uliofunikwa kwa plastiki, wenye unene wa nusu milimita ya mraba, hauzidi gramu 100 kwa mita 10. Huo ni mwepesi kuliko embe dogo. Kinacholemea ni kebo ya koaksi, yaani ule waya mnene wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa shaba kuuzunguka, jamaa ya waya wa antena ya televisheni, unaounganisha redio na antena. Kebo ya aina inayoitwa RG-58, ambayo wengi hutumia, ina uzito wa karibu gramu 38 kwa kila mita. Ikining'inia kutoka urefu wa mita 10, inakaribia gramu 400, na uzito wote huo unakaa kwenye ncha, mahali ambapo nguzo ni nyembamba kuliko popote.

Kwa hiyo kuna hali mbili:

- Ukiweka waya wima ukiufuata mwili wa nguzo, kebo hubaki chini na ncha hubeba waya mtupu. Nguzo nyembamba inatosha.
- Ukiining'iniza kebo kutoka juu, unahitaji nguzo nene zaidi, au uifunge kebo chini ya ncha, mahali nguzo inapoanza kuwa na nguvu.

Kabla ya kuuliza bei, jua basi ni hali ipi yako.

## Unataka kumfikia nani?

Mawimbi ya masafa mafupi husafiri mbali kwa sababu juu yetu, kuanzia kiasi cha kilomita 100 kwenda juu, kuna tabaka la hewa lenye chembe za umeme linaloyarudisha ardhini. Mfikirie mtupa mshipi. Akirusha chubwi juu sana, huangukia karibu naye. Akirusha kwa kulaza mkono, huenda mbali. Antena nayo ina namna mbili za kurusha.

Waya uliolala karibu na ardhi, kwenye mita tatu hadi sita, hurusha nguvu nyingi juu kichwani, na mawimbi hunyesha eneo la jirani. Hilo ndilo unalolitaka ukiwa Tumbe na mwenzako yuko mjini Unguja, kiasi cha kilomita 150, au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 200. Kwa masafa ya megahezi 7, mchana, huku kwetu karibu na ikweta, njia hiyo hufanya kazi vizuri mara nyingi. Megahezi ni kipimo cha mawimbi mangapi hupita kwa sekunde: megahezi moja ni mawimbi milioni moja.

Waya uliosimama wima hurusha nguvu yake kwa kulaza mkono. Huo ni wa Maskati, Ulaya na Japani. Kwa antena ya wima, bahari ni neema. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko udongo, kwa hiyo wimbi linaloondoka kwa kulala juu ya maji hupoteza nguvu kidogo sana. Wapenzi wa redio kutoka nchi za mbali hufunga safari kutafuta fuo za namna hiyo. Mtu wa Tumbe anao ufuo huo mlangoni.

## Hesabu ndogo ya urefu

Hesabu ni nyepesi. Chukua 71, gawanya kwa megahezi unazotumia, na utapata urefu wa waya wa wima kwa mita. Huo ni robo ya wimbi, urefu mdogo ambao antena ya wima hufanya kazi bila kusaidiwa na vifaa vya ziada.

- Megahezi 7.1: mita 10
- Megahezi 14.2: mita 5
- Megahezi 21.2: mita 3.4
- Megahezi 28.5: mita 2.5

Antena ya wima huhitaji pia nyaya mbili hadi nne za urefu huohuo zilizotandazwa chini, ziwe kama mizizi yake.

Kwa waya wa kulala, unaokatwa katikati na kulishwa hapo kwa kebo, urefu wote ni mara mbili ya hizo namba. Waya huo huitwa dipoli. Dipoli ya megahezi 7.1 ina mita 20, kumi kila upande. Si lazima ipate nguzo mbili. Inua katikati tu, kisha telemsha mikono yake miwili pande zote kama paa la kibanda. Katikati ikiwa juu mita sita na ncha zake mita moja na nusu, itawafikia jirani zako bila taabu.

Kwa ufupi: nguzo ya mita saba inasimamisha antena za wima za megahezi 14, 21 na 28, na inainua paa la kibanda la megahezi 7. Mita kumi zinahitajika tu ukitaka antena ya wima ya megahezi 7, au dipoli iliyolala juu kwa ajili ya masafa ya mbali.

## Faiba, kaboni, alumini au mwanzi?

Nguzo ya kuvuta ni ile yenye pingili zinazoingiana, nyembamba ndani ya nene, kama kile kijiti cha antena cha redio ya betri. Asili yake inapendeza: walioanza kuitumia kwa redio waliichukua kwa wavuvi. Uingereza na Ujerumani walitwaa fimbo ndefu za kuvulia samaki wa mitoni na maziwani. Australia mpaka leo huiita mti wa ngisi. Baadaye yakaja makampuni yanayotengeneza nguzo kama hizo mahususi kwa redio, nene na nzito zaidi. Spiderbeam ya Ujerumani, kwa mfano, ina nguzo ya mita 12 inayokunjwa hadi kiasi cha mita 1.2, na uzito wake ni kama kilo tatu na kitu.

Malighafi nne utakazokutana nazo ni hizi.

Faiba. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, kitu kilekile kinachotengeneza boti za faiba zinazofunga gati kote visiwani. Haipitishi umeme, ni nyepesi, hupinda bila kuvunjika upesi. Ndiyo chaguo la kwanza.

Kaboni. Ni nyepesi na ngumu kuliko faiba, na wavuvi wa fimbo huipenda. Lakini hupitisha umeme. Waya wa antena ukilala juu yake, nguzo inaingilia kazi ya antena na kuiharibia hesabu. Rangi nyeusi haikwambii kitu, maana hata faiba hupakwa nyeusi. Soma maandishi ubavuni. Kama una mita ya umeme, kwangua rangi kidogo kwenye ukingo wa ndani wa pingili na uweke ncha zake mbili hapo. Mita ikionyesha umeme unapita, iache.

Alumini. Ni imara na haiogopi jua, lakini nayo hupitisha umeme, na ikiangukia waya wa njia ya umeme inaua. Mwanafunzi asianze nayo.

Mwanzi. Usiudharau. Miti miwili ya mianzi mikavu ya mita nne, ikipishana nusu mita na kufungwa kwa kamba mahali patatu, ni nguzo ya mita saba na nusu. Ni mzito na hauingii kwenye daladala, lakini kwa mtu anayefanya kazi palepale kijijini hauna mpinzani kwa bei. Usikate mikoko kwa ajili ya nguzo: kinga ya ufuo wetu na mazalio ya samaki ni hiyo mikoko.

Na kabla ya vyote, tazama juu. Kama pana mwembe au mkungu, funga chubwi kwenye mshipi, urushe upite juu ya tawi, kisha vuta kamba, kisha waya. Mti uliopo ndio nguzo ya bure. Mnazi usiupande kwa ajili hiyo kama si kazi yako.

## Dukani: mambo sita ya kukagua

Fimbo ya kuvulia isiyo na pete wala roda ndiyo inayofaa, na bei yake huwa chini ya nguzo iliyotengenezwa kwa redio. Ukiishika mkononi, fanya hivi:

1. Ivute yote, ishike kitako, ilaze sawa na ardhi. Ikining'inia kidogo, sawa. Ikipiga upinde mkubwa kwa uzito wake yenyewe, haitabeba kebo.
2. Kagua kila kiungo. Pingili zipishane angalau kwa upana wa vidole vinne kwenye sehemu nene. Kiungo kifupi ndicho kinachopasuka.
3. Gonga kwa ukucha. Mlio mwembamba wa kukatika mahali pamoja ni dalili ya ufa.
4. Fungua kizibo cha chini. Kiwe cha kuzungusha na kutoka. Kisipofunguka hutaweza kutoa mchanga ndani.
5. Pima ikiwa imekunjwa. Fupi ni rahisi kubeba, lakini kadiri inavyokuwa fupi ndivyo pingili na viungo vinavyozidi. Kwa anayesafiri kwa boti na daladala, kiasi cha mita moja ni wastani mzuri.
6. Tazama ncha. Pingili mbili za juu mara nyingi ni nyembamba kama ujiti wa mshikaki. Zihesabu kama hazipo.

Jambo hilo la sita ndilo linalobadilisha hesabu ya bei. Linganisha kwa mita inayofaa, usilinganishe kwa mita iliyoandikwa. Tuseme fimbo moja ya mita saba inauzwa shilingi 60,000, na ukitoa ncha unabaki na mita tano na nusu: kila mita imekugharimu karibu shilingi 11,000. Nyingine ya mita kumi inauzwa 150,000 na inakubakishia mita nane: karibu 19,000 kwa mita. Ya pili ni ndefu, lakini kila mita yake imeongezeka bei. Kama hesabu yako ya urefu ilikwambia mita tano zinatosha, ile tofauti ya shilingi 90,000 ni betri nzuri.

## Nguzo husimamishwa na kamba

Hapa ndipo penye moyo wa sura hii. Watu hununua nguzo nene wakidhani unene ndio utakaoshindana na upepo. Hesabu inasema vingine.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Nguzo ya mita saba yenye unene wa wastani wa sentimita mbili na nusu, katika upepo wa kilomita 36 kwa saa, husukumwa kwa nguvu ya kama kilo moja na robo. Upepo ukifika kilomita 72, msukumo ni kilo tano. Ukinunua nguzo nene mara mbili, umeupa upepo eneo mara mbili la kusukuma. Kamba tatu nyembamba hazikuongezei hilo, na ndizo zinazoushika mzigo.

Fanya hivi:

- Funga kamba tatu kwenye nguzo, mita mbili na nusu hadi tatu kutoka chini, zielekee pande tatu zilizogawanyika sawasawa.
- Zivute hadi mita mbili au tatu kutoka kitako.
- Tumia kamba isiyovutika. Mshipi wa nailoni ni imara lakini hunyumbuka, na nguzo itacheza usiku kucha.
- Usiikaze nguzo iwe kama ukuta. Sehemu ya juu iachwe ipinde na upepo.

Mambo, yaani vigingi vifupi vya chuma vya hema, havishiki mchanga wa Tumbe. Jaza mchanga kwenye kifuko cha gunia, fungia kamba, kifukie kwa kina cha goti. Wakulima wa mwani, wanaopigilia mambo ya miti chini ya bahari na kufunga kamba zao hapo, watakuonyesha ni mchanga upi unaoshika na upi unaotoa.

Uchague na msimu pia. Upande wa kaskazini-mashariki wa Pemba hupokea kaskazi uso kwa uso, kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi nayo ina nguvu zake katikati ya mwaka. Ukisikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kama zilizotolewa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, kunja. Ubora wa nguzo ya kuvuta ni huo: inashuka kwa dakika mbili.

## Bamvua na chumvi

Mgeni wa ufuo hutazama maji yalipo. Mwenyeji hutazama yatakapokuwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Siku hizo maji huwa yamepwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Ukisimamisha nguzo saa nne kwenye mchanga unaong'aa, jioni betri yako inaelea. Tafuta mstari wa takataka za mwani mkavu juu ya ufuo, simama juu yake, na nyaya zako za ardhini zielekee baharini.

Chumvi na mchanga huiua nguzo kuliko upepo. Mchanga ukiingia kwenye viungo, pingili hukwama, na ukizilazimisha zinapasuka. Kwa hiyo:

- Vuta pingili huku umeilaza kwenye kitambaa au mkeka, usiisimamishe kwanza.
- Zungusha kila kiungo kidogo kinapokaza, kisha kizungushie tepu nyeusi ya umeme ili kisiteleze. Kwa nguzo nzito, zile pete za chuma za kukazia mipira ya maji hufaa zaidi.
- Ukimaliza, fungua kizibo, tenganisha pingili, zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikaushe kivulini.
- Jua hula gundi ya faiba. Ukihisi nyuzi zinakuwasha kiganjani, paka rangi isiyo na chembe za chuma.

## Ruhusa na usalama

Kusikiliza ni jambo moja, kurusha mawimbi ni jingine. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa Bara na Zanzibar. Leseni hukupa alama ya wito, yaani jina la kituo chako hewani. Alama za Tanzania huanza na 5H, na 5H1 hutambulisha Zanzibar. Kabla ya Uhuru, vituo vya Zanzibar vilijulikana kwa VQ1.

Ukiwa na leseni mkononi, anza kwa sheha, kiongozi wa eneo. Mpe shikamoo yake, mwonyeshe karatasi, mweleze ni waya wa nini na utaondoka lini. Nguzo iliyochomoza ghafla ufukweni huzua maswali, na wenyeji wana haki ya kuuliza. Usiziweke kamba zako wanapoanika dagaa wala wanapopita wabebaji wa samaki, na zifunge vitambaa vyeupe zionekane.

Mwisho, mambo mawili yasiyo na mjadala. Simama mbali na nyaya za umeme kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa nguzo, maana faiba iliyolowa maji ya chumvi si kinga tena. Na radi ikisikika, hata kwa mbali, shusha nguzo na uchomoe kebo.

## Jibu la swali letu

Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilikaa bila umeme kutoka Bara. Miezi ile ilitufundisha sote kwamba simu ina nguvu kadiri ya umeme unaoulisha mnara wake. Kituo kidogo chenye betri, waya na nguzo inayobebeka hakingojei mnara. Ndiyo sababu naona uchungu mtu akiikosa redio kwa kudhani hana fedha za nguzo.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza mita kumi atazipata wapi: anza na faiba ya mita saba isiyo na kaboni, toa ncha mbili za juu, na fedha iliyobaki nunua kamba nzuri na vifuko vya mchanga. Asubuhi lisimamishe paa la kibanda uwasalimu wa Unguja na Dar es Salaam. Alasiri, maji yakijaa, uvute waya wima na uwaite wa Maskati juu ya bahari. Magharibi ikiingia, pingili zirudi ndani ya pingili, kamba zikunjwe, na ufuo ubaki kwa wenyewe kama ulivyoukuta.